Kupaka rangi na kuchakaza modeli ya kifaru T-34/85 ya kipimo cha 1/35: mwongozo kamili

Kipimo cha 1/35 kina hesabu moja ambayo mjenzi wa modeli anapaswa kuikumbuka kila anaposhika brashi: milimita moja juu ya modeli ni sentimita tatu na nusu juu ya kifaru chenyewe. Mchubuko wenye upana wa milimita mbili, ambao jicho huuona kuwa mdogo, kwenye chuma halisi ungekuwa bato la sentimita saba, na punje ya mchanga ya nusu milimita ingekuwa kokoto inayokaribia sentimita mbili. Modeli nyingi zilizounganishwa kwa ustadi mkubwa huharibikia hapo, kwa sababu mpakaji hutia madoa bila kuyapima na bila kujiuliza kila doa limetoka wapi.

Mwongozo huu unafuata kifaru kimoja tangu plastiki tupu hadi mwisho: T-34/85 ya jeshi la Kisovieti jinsi ilivyokuwa ndani ya Berlin katika siku za mwisho za vita. Nimekichagua kwa sababu safari yake inajulikana, na inaweza kusomeka juu ya rangi yake. Mashambulizi yalianza tarehe 16 Aprili 1945 kutoka bonde la mto Oder, ambalo ni tambarare yenye maji mengi na udongo mzito. Baada ya siku chache vifaru vilikuwa vikipita katika mitaa ya mji uliobomolewa kwa mabomu, kati ya vifusi vya tofali na plasta. Na tarehe 2 Mei kikosi kilichoulinda mji kikasalimu amri. Kwa hiyo tope la kahawia lazima liwe chini, limekauka, na vumbi la kijivu cheupe liwe juu yake. Ukiupindua mpangilio huo, kila mtu aliyezoea kutazama picha za vita hivyo atahisi kuna kosa, hata kama hataweza kulitaja.

Sharti la pili linahusu kemia. Kila tabaka unaloweka lisiweze kuyeyusha lile lililo chini yake. Rangi za akriliki na laka hutangulia, vanishi huzifunika, kisha rangi za mafuta na za enameli zinazozimuliwa kwa tapentaini hufuata, na unga wa rangi huja mwisho. Mtu akiufuata mfuatano huu anaweza kufuta kosa la leo bila kugusa kazi ya jana, na huo ndio uhuru mkubwa kuliko wote katika kazi hii.

Maandalizi ya modeli

Usiunganishe kila kitu kabla ya kupaka. Acha mnara wa mzinga, bodi, magurudumu, minyororo na mapipa ya mafuta ya pembeni vikiwa mbalimbali, kwa kuwa brashi ya hewa, yaani kipulizio kidogo cha rangi kinachoendeshwa na kompresa, haiwezi kufika nyuma ya gurudumu lililokwisha kubandikwa. Magurudumu yachomekwe kwenye vijiti vya meno, na vipande vidogo vishikwe kwa vibanio vya nguo.

Mnara wa T-34/85 ulikuwa wa chuma cha kusubu, na ngozi yake ilikuwa na mikwaruzo na vinundu vilivyoachwa na kalibu, ilhali bodi ilitengenezwa kwa mabamba bapa yaliyochomelewa. Tofauti hiyo ionekane. Paka gundi ya maji ya plastiki juu ya mnara, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na plastiki ikianza kulainika igonge kwa brashi kuukuu yenye nywele ngumu. Baada ya saa chache, pitisha msasa laini kwa mkono mwepesi ili kupunguza ncha zilizozidi. Kwenye bodi usifanye hivyo.

Modeli ikiwa tayari, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya vidole na ya kiwandani, iache ikauke usiku kucha, kisha isishikwe tena kwa mikono mitupu.

Rangi ya msingi na kijani

Praima hufanya kazi mbili: hushikamana na plastiki, na hukuonyesha makosa yaliyojificha. Mimi hutumia praima ya kijivu ya laka, nikaikagua modeli kwa taa ya pembeni, nikaziba na kupiga msasa pale penye ufa, halafu nikapuliza tena. Laka na thina zake zina mvuke mkali, hivyo vaa barakoa yenye vichujio vya kaboni, fungua madirisha, na usifanye kazi hii karibu na jiko la gesi, jiko la mkaa au mshumaa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Juu ya praima, puliza kahawia iliyokolea sana, karibu na nyeusi, kwenye maeneo ambayo mwanga haufiki: chini ya madigadi, nyuma ya magurudumu, kwenye shingo ya mnara na kuzunguka wavu wa injini. Kivuli hiki kitabaki kikionekana kwa mbali chini ya kijani na kukupunguzia kazi baadaye.

Kijani cha vifaru vya Kisovieti vya wakati huo kinajulikana kama 4BO. Ni kijani cha mzeituni ambacho wajenzi hubishana sana kuhusu kukolea kwake, na ubishi huo una mwisho mwepesi: rangi halisi ilipauka kwa jua na mvua, na modeli ndogo huhitaji rangi iliyopauka kidogo kuliko kifaru chenyewe ili isionekane nyeusi. Ninaanza na rangi za akriliki za Tamiya: XF-58, kijani cha mzeituni, sehemu tatu, kwa sehemu moja ya XF-4, kijani chenye manjano. Hizi ninazizimua kwa Mr. Color Levelling Thinner, ambayo ni thina ya laka, kiasi kilekile cha thina na rangi au zaidi kidogo, mpaka mchanganyiko ukitikiswa uteleze kwenye kuta za kikombe kama maziwa. Shinikizo la kompresa liwe kati ya bar 1 na 1.4, sindano ya milimita 0.3, na mkono usogee kwa umbali wa sentimita nane hadi kumi bila kusimama. Mahali penye joto kali akriliki hukauka kabla ya kufika kwenye modeli na kuacha uso wa vumbivumbi. Dawa yake ni kuongeza thina, kusogea karibu, na kufanya kazi asubuhi.

Tabaka la kwanza likishafunika, ongeza matone machache ya XF-57, rangi ya mchanga iliyopauka, kwenye kikombe, na kwa mchanganyiko huo uliopauka pulizia katikati ya mabamba makubwa, paa la mnara na sehemu za juu za bodi. Mpaka kati ya kijani cha kwanza na cha pili usionekane. Wako wapakaji wanaokoleza tofauti hii mpaka kila bamba linakuwa na ncha nyeupe na ncha nyeusi. Kwa macho yangu mtindo huo huificha modeli badala ya kuionyesha, ila nakiri kwamba tabaka za baadaye zitaitia giza kazi yako, hivyo paua kidogo zaidi ya unavyodhani inafaa.

Mikanda nyeupe

Katika mapigano ya Berlin vifaru vingi vya Kisovieti vilipakwa mkanda mweupe kuzunguka mnara na msalaba mweupe juu ya paa lake, ili ndege za upande wao zivitambue. Alama hizo zilipakwa haraka na kwa mkono, mara nyingine na watu waliokuwa wamesimama kwenye tope, hivyo mkanda ulionyooka kama uliochorwa kwa rula haufai. Bandika utepe wa kuzuia rangi kwa kufuata mstari wa jumla, kisha malizia kingo kwa brashi ya kawaida ili zitikisike kidogo.

Ili nyeupe ionekane imebabuka, puliza tabaka mbili nyembamba za spreyi ya nywele juu ya kijani kilichokauka kwa siku nzima, ziache zikauke, halafu pulizia nyeupe ya Tamiya XF-2 iliyotiwa tone la XF-57. Nyeupe hii izimuliwe kwa thina ya Tamiya yenyewe, X-20A, au kwa maji. Ukitumia thina ya laka hapa, rangi itashikamana na haitabanduka tena. Ndani ya saa moja hivi, lowesha sehemu ndogo kwa maji, subiri kidogo, halafu isugue kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Maji huyeyusha spreyi iliyo katikati, na nyeupe hutoka vipandevipande. Sugua zaidi pale wanajeshi walipokuwa wakishika na kukanyaga: kingo za vifuniko vya mnara, mishikio ya pembeni, na mbele ya paa. Askari wa miguu walisafiri juu ya migongo ya vifaru hivi, na buti zao ndizo zilizoila rangi.

Namba za mnara zikiwa stika za maji, weka kwanza vanishi ya kung'aa mahali pake peke yake, telezesha stika, paka dawa ya kulainishia stika ili ilale ndani ya vinundu vya chuma, kisha ifunike kwa vanishi tena. Stika ikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa hushika hewa chini yake na kutoa mng'ao wa fedha ambao hauondoki kirahisi.

Vanishi, na hali ya hewa

Sasa modeli yote ipate tabaka mbili nyembamba za vanishi yenye mng'ao wa wastani. Tabaka hili hulinda akriliki dhidi ya tapentaini. Liache likauke kwa saa 24, na 48 ikiwa unaweza kusubiri.

Kwa wanaoishi pwani ninaongeza neno. Vanishi ya laka ikipulizwa hewa ikiwa imejaa unyevu, hunasa maji na kugeuka ukungu mweupe. Nilipuliza vanishi siku moja ya masika, mvua ikiwa imekatika nusu saa tu, na bodi nzima ikawa kama imepakwa maziwa ndani ya dakika kumi. Niliiokoa kesho yake mchana, hewa ilipokauka, kwa kupuliza tabaka jembamba la thina ya laka yenye matone ya vanishi ya kung'aa, ambalo lililainisha uso na kuuacha unyevu utoke. Tangu hapo hungoja siku kavu, hata kama kazi italala wiki nzima.

Michubuko

Hapa ndipo hesabu ya mwanzo inapotumika. Michubuko ni ya aina mbili. Ule wa juujuu haujafika kwenye chuma, na huonekana kama kijani kilichopauka. Ule wa kina umefika, na chuma kilicho wazi hugeuka kahawia ya giza ndani ya siku chache. Anza na ule wa juujuu: chana kipande cha sponji ya kufungashia, kichovye kwenye kijani kilichotiwa XF-57 kwa wingi, kipunguze rangi kwenye karatasi mpaka kiache nukta hafifu, kisha kigongegonge kwenye kingo za madigadi, vifuniko na ngazi. Baadaye, kwa brashi yenye ncha kali sana, weka kahawia ya giza ndani ya baadhi ya madoa hayo, ukiacha ukingo mwembamba wa kijani kilichopauka kuzunguka. Ukingo huo ndio unaolipa doa kina.

Usichubue kila mahali. Katikati ya bamba la ubavuni hakuna anayepita, na hakuna kitu kinachoparuza isipokuwa risasi au kifusi. Kifaru cha 1945 pia hakikuishi miaka mingi. Vingi vilikuwa na miezi tu tangu vitoke kiwandani, kwa hiyo kutu nene inayotiririka kutoka kila mshono haina sababu. Kutu inafaa kwenye bomba za moshi, kwenye minyororo, na kwenye madigadi ya bati yaliyopindwa.

Kupenyeza rangi na michirizi

Kamua rangi ya mafuta ya kahawia na nyeusi juu ya kipande cha boksi na uiache kwa nusu saa, ili karatasi inyonye mafuta ya mbegu za kitani; bila hatua hiyo rangi hukawia kukauka na kung'aa isivyotakiwa. Izimue kwa tapentaini isiyo na harufu mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, kisha gusa kwa ncha ya brashi kwenye kichwa cha boliti, kwenye mshono wa kuchomelea, kwenye bawaba. Rangi itakimbia yenyewe kufuata mfereji. Baada ya dakika ishirini, kilichomwagika nje kifutwe kwa brashi safi yenye unyevu tu wa tapentaini. Kuiloweka modeli nzima kwa maji hayo ya kahawia ni kosa, kwa sababu huizima ile tofauti ya kijani uliyoijenga kwa brashi ya hewa.

Mabamba ya wima hupata michirizi. Weka nukta ndogo za rangi ya mafuta, hii ya rangi ya mchanga, ile ya kahawia, nyingine ya kijani iliyopauka, kwenye ukingo wa juu wa bamba. Kisha kwa brashi pana iliyolowa tapentaini kidogo, zivute kuelekea chini, kwa mwendo mmoja, jinsi mvua inavyoshuka. Bamba za ubavuni za T-34 zimelala kwa mteremko, na maji ya mvua hufuata mteremko huo huo. Futa, vuta tena, mpaka mstari ubaki kama kumbukumbu tu. Kwenye paa la mnara hakuna michirizi; huko maji hutuama na kuacha madoa ya mviringo, ambayo hupatikana kwa kugonga nukta hizohizo kwa brashi kavu. Tenga siku mbili au tatu zikauke.

Minyororo na magurudumu

Minyororo ya T-34 haikupakwa rangi ya kijani. Anza na kahawia iliyochanganywa na XF-69, nyeusi isiyong'aa, kisha penyeza rangi ya mafuta yenye wekundu wa kutu, kwa uchache. Swali linaloulizwa zaidi ni wapi chuma king'ae, na jibu liko kwenye mashine yenyewe. Upande wa nje, vinundu vinavyokanyaga vilisuguliwa na mawe ya mitaa ya Berlin, hivyo ving'ae. Upande wa ndani, magurudumu ya kifaru hiki tunachokipaka yana mipira, na mpira husafisha chuma bila kukipa mng'ao wa kioo. Njia ya magurudumu iwe tu nyeusi zaidi na laini. Lakini meno ya katikati, ambayo hupita kati ya magurudumu mawilimawili na kusukumwa na roda za gurudumu la nyuma la kuendeshea, huchakaa ubavuni, na hapo mng'ao unaruhusiwa. Penseli laini ya grafiti, ya 4B au 6B, hufanya kazi hii vizuri kuliko rangi ya fedha, ambayo humeta mno.

Mipira ya magurudumu ipakwe kijivu cha giza. Nyeusi tupu haifai, kwa sababu mpira uliotembea huwa umepauka kwa vumbi na umekatwakatwa kingoni.

Tope, kisha vumbi

Kabla ya kuanza, puliza vanishi isiyong'aa juu ya modeli yote. Ifanyike sasa, kwani vanishi ikiwekwa juu ya unga wa rangi huutia giza na kuumeza.

Tope la bonde la Oder ni la kahawia, karibu na kijivu. Udongo mwekundu tulionao sehemu nyingi za Afrika Mashariki hautoi rangi hiyo, hata ukichekechwa vizuri. Utumie kwa ajili ya umbo peke yake, na rangi iletwe na unga wa kununua. Chekecha udongo mkavu kwa soksi nyembamba ya nailoni, ukaange kwenye sufuria kuukuu ili kuua wadudu na kuvu, kisha uchanganye na plasta kidogo, unga wa rangi ya kahawia na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Paka uji huu nyuma ya magurudumu, chini ya madigadi na sehemu ya chini ya bodi, unene wa milimita moja hadi mbili, ukikumbuka kwamba milimita mbili ni sentimita saba za tope. Sehemu zenye kusugua, kama ukingo wa magurudumu, zisiwe na tope nene. Kwa matone yaliyoruka, chukua mchanganyiko mwepesi kwenye brashi ngumu, uipitishe juu ya kijiti cha meno ukielekeza juu na nyuma, jinsi mnyororo unavyorusha. Funika kwanza mnara kwa karatasi.

Tope likikauka, koleza tena mashimo yake kwa rangi ya mafuta ya kahawia, kwa kuwa tope lililo ndani hubaki na unyevu muda mrefu kuliko lile la juu.

Vumbi la mji ni la rangi nyingine kabisa. Changanya unga wa kijivu cheupe na kiasi kidogo mno cha unga wa tofali, weka ukiwa mkavu kwa brashi laini kwenye madigadi, kwenye pembe za paa la injini, na mahali pa mlalo ambapo vumbi hutua, kisha dondoshea tapentaini kwa ncha ya brashi na uiache ivutwe yenyewe. Itaonekana imepotea, ikikauka inarudi. Pale watu walipokaa na kutembea, ifute kwa ncha ya pamba ya masikio, ili njia ya buti zao ionekane kutoka ukingo wa bodi hadi kwenye mishikio ya mnara.

Mafuta, masizi na chuma

Mapipa ya dizeli ya pembeni hayakuunganishwa na mfumo wa mafuta wa injini. Mafuta yalilazimika kuhamishwa kwa mikono, na kwa hiyo yalimwagika. Changanya rangi ya mafuta ya kahawia-nyeusi na vanishi ya kung'aa, weka doa chini ya kifuniko cha pipa na mchirizi mmoja au miwili inayofuata mviringo wake. Doa la mafuta hukata vumbi na kung'aa juu yake, na ndiyo maana linakuja baada ya vumbi. Fanya hivyo pia kwenye vitovu vya magurudumu mawili matatu, yasiwe yote.

Bomba mbili za moshi zilizo nyuma zipate unga wa kutu kwenye chuma chake, na masizi meusi mdomoni na juu ya bamba lililo karibu, yakipulizwa kwa brashi ya hewa kwa rangi nyepesi mno, mara tano au sita, badala ya mara moja kwa rangi nzito. Mdomo wa mzinga wa milimita 85 nao uwe na masizi kidogo ndani na kwenye ukingo.

Mwishowe, kwa kidole chenye vumbi la grafiti, pitia mishikio ya vifuniko, ncha za ngazi na ukingo wa kifuniko cha dereva, kisha bandika minyororo, mapipa na waya wa antena. Modeli ikishakamilika iwekwe ndani ya kasha la kioo, kwa sababu vumbi la chumbani lina nyuzi za nguo, na uzi mmoja wa sentimita moja juu ya mnara huo ni kamba ya sentimita thelathini na tano.